Ng'ombe Niliowanywesha Maji

Nilikuta ng'ombe nisiowajua ndani ya zizi letu. Nikawapa maji kwanza, halafu ndipo nikauliza ni wa nani. Ndivyo tulivyolelewa.

Zizi lenyewe lilikuwa halijaona ng'ombe kwa miaka mingi. Wale wa baba waliondoka mmoja mmoja wakati wa ugonjwa wake, na waliobaki waliondoka wakati wa ugonjwa wa mama. Baada ya hapo tulifungia mbuzi humo, na upande wa juu tulirundika kuni. Kwa hiyo nilipoona migongo mipana ikisongamana kwenye ile miti ya zamani, na mmoja mwekundu mwenye baka jeupe usoni akinitazama kama mimi ndiye mgeni, nilidhani jirani ameomba kuhifadhi mifugo yake kwetu kwa siku moja. Watu hufanya hivyo. Nilichota maji kisimani, nikarudi kuchota tena. Nilikuwa na furaha alasiri ile, hata uzito wa ndoo sikuuhisi.

Furaha hiyo nilitoka nayo Turwa.

Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa kwetu. Baada yangu yupo mdogo wangu wa kiume, na baada yake, kwa mbali kidogo, mdogo wetu wa kike. Baba alipofariki nilikuwa darasa la sita. Mama alipomfuata niliacha shule bila mtu yeyote kuniambia niache. Asubuhi moja sikuvaa sare, nikachukua jembe nikaenda shambani, ikawa basi. Nilipopata nguvu za kutosha nikaajiriwa kwenye mashine ya kusaga ya mzee mmoja pale kwetu Kemambo, na hapo ndipo nilipokulia. Muhogo na mtama, mahindi, ulezi wa uji, pumba za kuku. Jioni nilirudi nyumbani mweupe hadi kope za macho, na mdogo wangu wa kike alikuwa akinipokea kwa heshima zote, "Shikamoo bibi," halafu anakimbia kabla sijamfikia.

Mama wa Turwa nilimjulia hapo mashineni. Alikuwa amekuja msibani kwa jamaa zake. Ni mjane, mrefu, wa umri ambao unamwamkia bila kufikiri mara mbili. Hakuwa na cha kusaga. Alikaa juu ya gunia akanitazama nikifanya kazi mpaka foleni ikaisha.

"Mashine hii unaiendesha peke yako?" aliniuliza.

"Ndiyo mama. Hata mkanda ukikatika nafunga mwenyewe."

"Na wanaume wa hapa wanakusikiliza?"

"Wakileta mahindi mabichi nawarudisha nayo nyumbani. Sasa wamezoea."

Alicheka hadi akashika mbavu. Akaniambia naye ana mashine, kule Turwa, pembezoni mwa mji wa Tarime, ambako nyumba mpya zinaota kila upande na kila nyumba inakula ugali. Kijana aliyekuwa anaiendesha alikuwa ameondoka kwenda machimboni. Tangu hapo alikuwa anapata watu wa kuja na kuondoka, na alikuwa amechoka nao.

Halafu akaanza kuuliza maswali. Wazazi wangu wako wapi. Sisi ni wa ukoo gani. Wadogo zangu wangapi. Nimewahi kuzaa? Hapana. Ng'ombe wamewahi kutolewa kwa ajili yangu? Hapana, mama. Mwisho akauliza, "Na nani anayesema kwa niaba yenu nyumbani?" Nikamtajia baba mdogo. Nikamweleza hata nyumba yake ilipo, ile yenye mlango wa bluu ukipita kanisa.

Nilidhani anatafuta mdhamini. Mdogo wangu wa kiume alipotaka kupewa bodaboda ya kuendesha Sirari, kule mpakani, mwenye pikipiki alimuuliza karibu hayohayo yote: baba yako nani, ukoo gani, nani atasimama ukileta matatizo. Lile la kuzaa na lile la ng'ombe niliyaona kama udadisi wa wazee. Wazee wetu wanauliza chochote.

Kwa wiki kadhaa niligeuza jambo hili kichwani. Kazi ile ilikuwa nzuri kuliko ya kwetu, na shule za mjini zilikuwa karibu. Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha pili na kila siku alitembea kwenda shule mwendo ambao sikuupenda. Lakini nyumbani ni nyumbani. Makaburi ya baba na mama yako nyuma ya nyumba, penye migomba, na mimi ndiye ninayeyapalilia. Mdogo wangu wa kiume alikuwa analala Sirari siku nyingi kuliko alizolala kwetu. Niliona kwamba nikiondoka mlango utafungwa, moshi hautaonekana, na watu watapita wakisema hapa palikuwa na mji wa fulani. Nilikuwa nimeushikilia mji ule tangu nikiwa mtoto. Sikujua mikono yangu ingefanya nini ikiuachia.

Basi Jumapili moja nikaenda kujionea.

Sikuwa nimewahi kufika upande ule wa Turwa. Nyumba za matofali ya kuchoma zimesimama katikati ya mashamba ya mahindi, nyingine zimeezekwa, nyingine ni misingi tu yenye nyasi ndani, na kati yake bado kuna mtu anachunga mbuzi. Mashine yake ilikuwa kubwa kuliko yetu na ilikuwa inatumia umeme. Niliiwasha nikaisikiliza. Chekeche lilikuwa limechakaa lakini mota ilikuwa nzima. Nilimwambia hivyo, akafurahi.

Kisha akanipeleka kuona pa kulala, na hapo ndipo akili yangu ilipaswa kuamka. Chumba cha mfanyakazi ninakijua: godoro chini, ndoo, msumari wa kutundikia nguo. Huyu alinionyesha nyumba ndogo inayojitegemea, imepakwa chokaa upya, ina kitanda kipana na chandarua. Sufuria zilikuwa mpya, bado zina karatasi za dukani. Jiko lilikuwa la peke yake. Nje akanyoosha mkono kwenye kipande cha shamba.

"Hapa utalima chako. Viazi, mboga, unachotaka wewe."

"Na mdogo wangu wa kike anaweza kuja?"

"Aje. Mji huu unahitaji kelele. Mimi nilizaa mabinti watupu, na wote wameolewa mbali. Nasikia saa ya ukutani tu."

Niliondoka pale nikiwaza kwamba watu wa mjini kweli wanawatunza wafanyakazi wao. Njia nzima nilikuwa napanga. Kufika Kemambo nilikuwa nimeshaamua: nitahamia Turwa na mdogo wangu, na mwisho wa kila mwezi nitarudi kupalilia makaburi. Ndipo nikaingia uani, nikawakuta wale ng'ombe, nikachota maji.

Baba mdogo alitokea nikiwa na ndoo mkononi. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, ingawa Sabato ilikuwa jana yake.

"Umeshawanywesha?" aliniuliza.

"Shikamoo baba. Nimewanywesha. Ni wa nani?"

"Marahaba. Ni wako."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Wamefika mchana huu. Yule mama wa Turwa hana maneno mengi, lakini mkono wake si mfupi. Hebu tazama huyo mwekundu, anavyosimama."

Nilitazama kweli yule mwekundu. Nakumbuka matone ya maji yalikuwa bado yananing'inia kwenye kidevu chake. Nakumbuka pia kwamba niliweka ndoo chini polepole, kama kitu cha kuvunjika, na ilikuwa ndoo ya plastiki.

Kwetu Ukuryani jambo hili halielezwi, lakini msomaji wa mbali analihitaji. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke. Tunaita nyumba ntobhu. Anayeolewa anaishi katika mji ule, anazaa na mwanamume aliyekubaliwa, na watoto wanakuwa wa mji ule na wanabeba jina la mji huo. Hivyo mji haufi. Siidharau desturi hii. Jirani aliyetupikia uji baada ya mama kufariki aliolewa hivyo, na sijaona mwanamke mwenye kicheko kikubwa kama chake. Kilichonipiga ni kingine. Nilitoka asubuhi kwenda kuangalia kazi, nikarudi alasiri nikiwa mke wa mtu. Wakati ananionyesha sufuria, ng'ombe walikuwa tayari njiani.

"Baba, mimi nilikwenda kuangalia kazi."

"Na kazi utafanya. Mke hafanyi kazi?"

 Mpaka leo, nikikumbuka swali lile, bado natafuta jibu.

"Alikuja kwangu," baba mdogo aliendelea, "akasema ameongea na wewe, umemwelekeza hadi mlango wangu. Nikamwambia kama msichana amekuelekeza mwenyewe, basi amekubali. Leo umekwenda kwa miguu yako, umeonyeshwa kitanda, umeonyeshwa jiko. Ulitaka uonyeshwe nini tena?"

Mdogo wangu wa kiume akatokea nyuma ya nyumba. Miguu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini, na mkononi alikuwa na fimbo ya kuchungia. Nilijua papo hapo. Siku zile nilizodhani yuko Sirari, alikuwa barabarani anawaswaga wale ng'ombe kutoka Turwa.

"Sasa sista," alisema, kwa ule usemi wake alioupata mpakani, "shida iko wapi?"

"Ulijua?"

"Baba alisema mmeongea."

"Mimi na wewe tumeongea?"

Akatazama ng'ombe. Alikuwa na msichana wake tangu mwaka uliopita, nami nilimfahamu, na watu wa msichana walikuwa wanauliza ng'ombe watakuja lini. Kwetu kijana anaoa kwa ng'ombe walioingia kwa ajili ya dada yake. Wakija kwa dada, wanatoka kwa kaka. Nilikuwa nimemwambia asubiri, mdogo wetu amalize kidato cha nne kwanza, halafu tutaona. Nilimwambia hivyo nikijua kwamba nimesema jambo la busara.

"Nimesubiri, dada," alisema, na safari hii usemi wa Sirari ulikuwa umemtoka. "Kila anayekuja kukuposa unamkataa. Unasema kwa ajili yetu. Wewe umekaa katikati ya mlango. Sisi tutapita wapi?"

Mimi niliyemfundisha kufunga vifungo vya shati.  Masikio yalikuwa yanavuma kama nimetoka mashineni sasa hivi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiona nguzo ya nyumba ile, kumbe mtu wa ndani alikuwa ananiona kizuizi.

Mdogo wetu wa kike alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, mwiko mkononi. Ni mtoto wa utani, lakini sauti aliyouliza nayo haikuwa ya utani.

"Na dada akikataa, baba?"

Baba mdogo alikung'uta koti lake, ingawa halikuwa na vumbi.

"Mji huu una wasichana wawili," alisema.

Aliondoka kwenda kwake akiwa ametulia kabisa, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Sisi watatu tulibaki uani na ng'ombe wakicheua.  Mdogo wangu wa kike aliingia ndani, akatoka na begi lake la shule, akalikumbatia, akakaa nalo mlangoni kama yuko stendi.

Hapo nikajua ninachoamua. Nikienda Turwa kama mke, mdogo wangu wa kiume anaoa, wa kike anasoma, na mimi nimepewa maisha ambayo sikuulizwa. Nikikataa na kubaki nyumbani, ng'ombe wengine watatafutwa, na safari hiyo watakuja kwa ajili yake. Nikienda Turwa kufanya kazi na kumwacha nyuma, ni hivyohivyo. Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki, na ilikuwa inapita kwa yule mama mwenyewe. Nami sikuwa na hakika kwamba atanifungulia.

Asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kwetu ng'ombe hawatembei barabarani bila kibali. Ukiwaswaga hivihivi unaitwa mwizi kabla hujafika kijiji cha pili. Mwenyekiti alikuwa anapiga mswaki nje ya nyumba yake. Nilimwamkia, nikamweleza. Aliacha mswaki mdomoni.

"Ngoja nielewe," alisema. "Unarudisha mahari yako mwenyewe?"

"Ndiyo mzee."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa miguu, mzee. Ni mbali."

Alicheka hadi povu likamdondokea kifuani, lakini kibali alitoa. "Nimeona mabinti wanatoroka na vijana," alisema. "Anayetoroka na ng'ombe ndiyo kwanza leo."

Niliporudi, nikafungua zizi. Baba mdogo alikuwa ameshasikia. Habari pale kwetu hazihitaji simu. Alikuja mbio, shuka begani, akasimama katikati ya njia.

"Unawapeleka wapi ng'ombe wa ukoo?"

"Si wa ukoo bado, baba. Wamekunywa maji tu."

"Ukitoka nao hapa, usijihesabu kuwa una baba."

Niliokota fimbo kando ya zizi. "Shikamoo yangu itabaki palepale, baba," nilimwambia. "Ukiihitaji utaikuta."

Nikawaswaga ng'ombe. Hawakwenda. Yule mwekundu aligeuka akarudi zizini, na wengine wakamfuata kama ameitwa. Nikajaribu tena, nikampiga kwa fimbo, wote wakatawanyika kwenye muhogo wa jirani. Mimi ni mtu wa mashine. Ng'ombe nilikuwa nimewasahau tangu baba alipokuwa hai.

Nilisikia mluzi nyuma yangu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameshika fimbo yake.

"Huyo mwekundu usimpige," alisema bila kunitazama. "Yeye ndiye anayeongoza. Ukimpiga wanatawanyika wote. Mwache atangulie."

Hakusema kwamba amebadili mawazo, nami sikumuuliza. Alipita mbele, na yule mwekundu akaanza kutembea. Mdogo wetu wa kike tulimwacha kwa yule jirani mwenye kicheko kikubwa, ambaye alimweka nyuma yake na kusema, "Huyu atakayemtaka aje aniulize mimi."

Njia ile niliijua kwa gari tu. Kwa miguu, nyuma ya ng'ombe, ni nchi nyingine. Unaona kila jiwe la kila kilima, na watu wote wana muda wa kukuuliza.

"Mura! Mmehamia wapi na mji wote?" kijana mmoja alimpigia mdogo wangu kelele kutoka juu ya mti wa parachichi.

"Tunarudisha mahari," mdogo wangu alijibu kwa uchovu.

"Mke alikuwa mbovu?"

"Mke ndiye huyo nyuma. Muulize mwenyewe."

Wanawake waliokuwa wanapalilia waliegemea majembe wakacheka, na mmoja akapaza sauti, "Dada, ukifika wape salamu, sema nasi tunakuja kujirudisha!" Hapo hata mimi nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nione wale ng'ombe, na kicheko kilinitoka kwa maumivu, kama kikohozi.

Tulipumzika kwa mama mkubwa njiani, tukaendelea kesho yake asubuhi. Kwenye mteremko mrefu mdogo wangu alipunguza mwendo mpaka tukawa sambamba.

"Mimi nitaoa na nini sasa?" aliuliza. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Nitakusaidia."

"Kwa kusaga?"

"Kwa kusaga."

"Nitazeeka, dada."

"Na msichana wako atazeeka pamoja na wewe. Mtafanana."

Alitikisa kichwa, akapiga mluzi kwa ng'ombe. Baadaye sana, tukiwa tunakaribia mji, alisema, "Sikutaka lile la yule mdogo. Lile baba hakuniambia." Nilimwamini. Sijui kama ningemwamini tungekuwa tumekaa nyumbani, lakini baada ya njia ile nilimwamini.

Turwa ilipoonekana, yule mwekundu alitambua kwao. Alianza kukimbia, na wengine wakakimbia, mikia juu, wakapita kati ya misingi ya nyumba na kamba za kuanikia nguo, wakaingia wenyewe kwenye lango la yule mama. Sisi tulifika nyuma yao tukihema.

Alikuwa mlangoni mwa mashine. Watu walikuwa wamesimama na ndoo na mifuko yao, kwa sababu hakukuwa na wa kusaga. Aliwatazama ng'ombe wake, akanitazama mimi, akamtazama mdogo wangu.

"Kuna mgonjwa kati yao?" aliuliza.

"Shikamoo mama. Ni wazima wote. Mimi ndiye sikuambiwa."

"Hukuambiwa nini?"

"Kwamba naolewa."

Alikaa chini, juu ya gunia la mahindi ya mtu. Wale wateja, ambao walikuwa na haraka muda wote, sasa hawakuwa na haraka yoyote.

"Baba yako alisema umekubali."

"Nilikubali kazi, mama."

"Mimi nilikuuliza habari za ng'ombe. Nilikuuliza kama umezaa. Nilikuuliza msemaji wenu ni nani." Sauti yake ilikuwa inapanda. "Mtoto wa Kikurya anaulizwa hayo yote na hajui anaulizwa nini?"

"Nilidhani unatafuta mdhamini."

"Mdhamini!" alisema, na kicheko kile cha siku ya kwanza kikamtoka, akashika mbavu. "Mdhamini! Mimi natafuta mke, yeye ananipa mdhamini!" Wateja wakacheka naye. Kisha kicheko kikageuka, nikaona anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, na hakuwa anacheka tena.

"Nilinunua hadi sufuria," alisema taratibu.

 Nilikuwa nimekuja na hasira yote ya barabara ile, na sikupata mahali pa kuiweka. Nilimwona kama alivyokuwa: mtu aliyepaka chokaa nyumba kwa ajili yangu, aliyedanganywa kama mimi nilivyodanganywa, na mtu yuleyule. Nilipiga magoti mbele yake.

"Mama, ng'ombe wako wamerudi. Sina cha kukudai. Lakini kazi bado naitaka. Mimi na mdogo wangu wa kike. Nikirudi Kemambo bila kazi, yeye ndiye atakayefuata."

 Wa kwanza kwenye foleni alikohoa.

"Nyumba ile ndogo ni ya mke," yule mama alisema mwishowe. "Mfanyakazi halali pale."

"Nitatafuta pa kulala."

"Shamba pia ni la mke."

"Sawa mama."

"Na siku utakayonichosha nitakuondoa, kama mfanyakazi yeyote. Mke singeweza kumwondoa."

"Sawa mama."

Alinyanyuka kutoka kwenye gunia, akakung'uta nguo yake. "Basi hao watu wamesimama tangu asubuhi," alisema. "Unasubiri nini?"

Nikajifunga kanga, nikawasha mashine. Mdogo wangu wa kiume alinitazama kutoka langoni. Alinyoosha fimbo juu kidogo, akageuka, akaanza safari ya kurudi mikono mitupu.

Muhula ulipoisha mdogo wetu wa kike alihamia kwangu, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya msingi wa nyumba ambayo haijawahi kumalizika. Mdogo wangu wa kiume aliacha bodaboda na kurudi kulala nyumbani. Yeye ndiye anayewasha moto pale sasa, na bado hajaoa. Ninapokwenda kupalilia makaburi, baba mdogo hupita barabarani akiangalia upande mwingine. Namwamkia. Hajaitikia.

Yule mama alikuja kupata mke. Msichana mchangamfu kutoka upande wa Mugumu, wilaya ya Serengeti. Siku alipoletwa kuonyeshwa mji, yule mama alimsimamisha mbele ya mashine, akaniita nitoke nje, akamuuliza waziwazi nikiwa nasikia: anajua amekuja kufanya nini? Yule msichana alishangaa akasema anajua. Akamuuliza tena. Akasema anajua, na ametaka mwenyewe. Yule mama akanigeukia. "Umesikia na wewe?" Nikasema nimesikia.

Ng'ombe walitolewa asubuhi moja nikiwa kazini. Nilitoka mlangoni, mweupe kwa unga, nikawaona wanapita lango, walewale. Na kitu kikanichoma ambacho sikukitegemea kabisa. Wivu. Niliona dirisha la ile nyumba ndogo limefunguliwa, na sufuria zimeanikwa juani bila karatasi zake, na nikaona wivu juu ya maisha niliyoyakataa kwa kutembea kwa miguu kutoka Kemambo. Nilisimama pale nikijishangaa mwenyewe. Singebadili neno hata moja. Ila kiliuma.

Vijana wawili waliokuwa wanawaswaga hawakuwajua wale ng'ombe. Mmoja alikuwa ameinua fimbo.

"Huyo mwekundu usimpige!" nilimpigia kelele. "Mwache atangulie!"

Akashusha fimbo. Yule mwekundu akashika njia, na wengine wakamfuata, wakielekea upande wa Serengeti.

"Dada!" mteja aliita kutoka ndani. "Mahindi yangu yanamwagika!"

Yalikuwa yanamwagika kweli. Nikarudi ndani.